Kikohozi kisichokwisha: Chunguza na ukuta wa nyumba

Mvua ndefu zinapoanza katika sehemu za Bungoma na Trans Nzoia, mambo mawili hutokea karibu wakati mmoja. Kuta za nyumba nyingi huanza kubadilika rangi karibu na sakafu, na viti vya kungojea daktari hujaa watoto wanaokohoa. Wengi huyaona haya kuwa mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza hupelekewa fundi wa rangi, na la pili huletwa kwetu sisi madaktari. Makala ya leo inakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi ni jambo moja, na kwamba siku hizi ukuta waweza kupimwa bila kubomolewa, kama vile daktari ampimavyo mgonjwa bila kumpasua.

Natoa mifano ya Lugulu, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, kwa sababu ndipo ninapowaona wagonjwa wangu. Lakini nitakayosema yanamhusu pia mpangaji wa ghorofa ya Eldoret au Nairobi, na mwenye nyumba ya zamani huko Mombasa. Maji hayachagui mtaa.

Maji huingia kwa njia nne

Kabla ya kuzungumzia kifaa cha kupimia, ni heri tuufahamu ugonjwa wenyewe. Ukuta hulowa kwa njia nne kuu.

Njia ya kwanza ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali la udongo wa kuchomwa, ambalo hutumika sana kujengea nyumba za Bungoma, lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupanda katika vitundu hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi. Ndiyo maana mwashi mwangalifu hutandika karatasi ngumu ya plastiki au ya lami juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Mafundi wetu huiita DPC. Mahali ambapo haikuwekwa, au iliwekwa ikachanika, au udongo wa nje ulirundikwa ukaipita kimo, maji hupanda hadi karibu mita moja juu ya sakafu. Hapo rangi hubambuka, na ukipitisha kidole utaona chumvi nyeupe kama unga.

Njia ya pili ni mvua yenyewe. Nyumba isiyo na gata humwagiwa maji ya paa zima kwenye miguu ya kuta zake, na matone yanayoruka hulowesha matofali kila siku ya mvua. Kuna pia matundu ya misumari ya mabati yaliyolegea, na madirisha ambayo sehemu yake ya chini haina mteremko wa kuyatoa maji nje.

Njia ya tatu ni mabomba. Bomba lililozikwa ndani ya ukuta wa bafu laweza kuvuja tone moja moja kwa miezi mingi kabla doa halijaonekana, na pengine doa likatokea katika chumba cha jirani.

Njia ya nne ni umande wa ndani ya nyumba, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Hewa tunayopumua ina mvuke. Ikigusa kitu baridi, mvuke hugeuka kuwa maji, kama unavyoona chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikitoka jasho. Chukua chumba chenye joto la nyuzi 22 za sentigredi, na unyevu wa hewa ukiwa asilimia 80. Hewa hiyo itaangusha umande juu ya kitu chochote kilicho na joto la nyuzi 18 au chini yake. Sasa fikiria usiku wa Kitale, mji ulio katika kimo cha takriban mita 1,900 juu ya bahari. Ukuta wa nje hupoa, madirisha hufungwa kwa sababu ya baridi, watu watano hulala chumba kimoja, na jioni chakula kimepikwa humo humo. Asubuhi kona ya nyuma ya kabati itakuwa imelowa, ingawa hakuna bomba wala paa linalovuja. Jiko la mafuta ya taa huongeza tatizo, maana kila lita moja ya mafuta ikiungua hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji.

Madhara kwa afya

Ukuta uliolowa hauna sumu kwa kuwa umelowa. Madhara hutokana na viumbe vinavyopenda mahali hapo. Cha kwanza ni kuvu, yaani ule weusi au ukijani unaosambaa kama masizi. Kuvu hurusha hewani chembe ndogo sana ambazo huvutwa hadi ndani ya mapafu. Huweza kuanza kuota katika siku moja au mbili tu, kwenye kitu kilicholowa na kisichokauka. Cha pili ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho, ambaye hukaa katika magodoro na mablanketi na hustawi hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Kinyesi chake ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha pumu kwa urahisi.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu majumbani. Baada ya kupitia uchunguzi wa nchi mbalimbali, wataalamu wake walikubaliana kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wanapatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua, kushindwa kupumua vizuri, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa kwa pumu. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu au mzio, na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua. Kwa hawa wa mwisho, kuna aina za kuvu zinazoweza kuota ndani ya mapafu yenyewe.

Si jambo la kupuuzwa. Mnamo Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki katika mji wa Rochdale, Uingereza. Novemba 2022 afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba mtoto huyo alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa, uliosababishwa na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kadhaa. Mwaka uliofuata, 2023, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalazimu wenye nyumba za kupangisha za jamii kurekebisha unyevu hatari kwa muda uliowekwa, nayo huitwa kwa jina la mtoto huyo.

Lakini nataka tusitishane bure. Wako wanaoamini kwamba ukuta wenye unyevu huleta kifua kikuu. Sivyo. Kifua kikuu huletwa na bakteria waliogunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, nao hutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mtu mwingine kwa njia ya hewa. Hata nimonia huletwa na viini, wala si na baridi ya ukuta peke yake. Ila nyumba isiyoingiza hewa wala mwanga huwa na kasoro mbili kwa pamoja. Hulea kuvu, na huwapa viini hivyo nafasi ya kuenea kutoka kifua kimoja hadi kingine.

Kamera inayoona joto

Sasa tuje kwenye upimaji. Kwa miaka mingi fundi aliyetaka kujua maji yanatoka wapi alikuwa na nyundo na patasi. Alibomoa plasta hapa, akabomoa pale, na mara nyingine akakosa. Kamera ya joto imebadilisha hali hiyo.

Huenda umewahi kupita mbele yake. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, viwanja vingi vya ndege duniani viliweka kamera za aina hii ili kuwatambua wasafiri wenye homa. Msingi wake si mpya. Mwaka 1800 mwanasayansi William Herschel, akiwa Uingereza, aligawanya mwanga wa jua kwa kipande cha kioo ukatoa rangi kama za upinde wa mvua, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda. Aligundua kwamba kuna miale isiyoonekana iliyobeba joto. Leo tunaiita miale ya infraredi.

Kila kitu hutoa miale hiyo: mwili wako, meza, na ukuta. Kitu chenye joto zaidi hutoa mingi zaidi. Kamera huipokea na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Kwa kawaida sehemu za joto huonyeshwa kwa rangi ya manjano au nyekundu, na za baridi kwa buluu au zambarau.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, kwa hiyo naomba usome polepole. Kamera hii haioni maji. Tena haioni ndani ya ukuta kama eksirei ionavyo mfupa. Inaona joto la uso wa ukuta tu. Inawezaje basi kutuonyesha unyevu? Kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza unaijua tangu utotoni. Maji ya kunywa yakiwekwa katika chungu cha udongo huwa baridi hata siku ya jua kali, kwa kuwa maji hupenya polepole katika udongo, hukauka juu ya uso wa chungu, na yanapokauka huchukua joto. Jasho hutupoza kwa njia hiyo hiyo. Ukuta uliolowa ni chungu kikubwa. Mahali maji yanapokauka hupoa kuliko sehemu kavu iliyo kando yake, pengine kwa nyuzi moja au mbili tu. Mkono wako huenda usitambue tofauti hiyo, lakini kamera nzuri hutambua hata sehemu ya kumi ya nyuzi moja.

Sababu ya pili ni kwamba maji ni mazito kupata joto na mazito kulipoteza. Ili kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji joto karibu mara tano ya lile linalohitajika kwa kilo moja ya tofali kavu. Kwa hiyo jua la asubuhi likipiga ukuta, sehemu iliyolowa huchelewa kupata moto. Jioni sehemu hiyo hiyo huchelewa kupoa. Doa lililoonekana buluu saa nne asubuhi laweza kuonekana la manjano saa moja usiku. Mpimaji asiyejua jambo hili atakuambia ukuta umepona, kumbe saa tu ndiyo iliyobadilika.

Kusoma picha kama daktari

Daktari hatazami homa peke yake. Huangalia imeanza lini, inapanda vipi na inaambatana na nini. Vivyo hivyo picha ya kamera husomwa kwa umbo lake.

Mkanda wa baridi unaoanzia sakafuni na kufuata ukuta mzima, ukiwa na kimo kinacholingana, ni dalili ya maji ya ardhini. Ulimi wa baridi unaoteremka kutoka darini huelekeza kwenye mabati au gata. Baridi iliyoanzia pembe za chini za dirisha ni mvua inayopenya hapo. Doa lenye kitovu katikati ya ukuta, hasa karibu na bafu au jikoni, ni la kushukiwa kuwa bomba. Na baridi inayojaza kona za juu au nyuma ya kabati, bila mstari wowote wa kuonyesha njia ya maji, mara nyingi ni umande.

Nitoe mfano mmoja wa familia iliyoishi katika vyumba vya kupanga karibu na soko. Mtoto wao wa miaka sita, aliyekuwa na pumu, aliletwa kwangu mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Dawa alikuwa akizitumia vizuri. Nilipouliza juu ya chumba anacholala, mama yake alisema kulikuwa na doa jeusi nyuma ya kitanda, na kwamba mwenye nyumba alikuwa amelipaka rangi mara mbili, nalo likarudi mara mbili. Ndugu wa familia hiyo, fundi wa umeme aliyekuwa na kamera ya joto kwa kazi yake, aliuelekeza ukuta ule kamera asubuhi moja. Doa lenyewe halikuwa baridi sana. Baridi zaidi ilikuwa hatua mbili kando yake, mahali ambapo rangi ilikuwa safi kabisa, na upande wa pili wa ukuta palikuwa bafu la jirani. Lilibomolewa eneo la tofali moja tu, ikapatikana shingo ya bomba iliyolegea.

Mtoto huyo hakupona pumu, kwa maana pumu haiondolewi kwa kutengeneza ukuta, na bado hutumia dawa ya kuvuta. Lakini baada ya chumba kukauka na kuvu kuondolewa, usiku wa kuamka akihema ulipungua. Fedha zilizotumika kwa rangi mara mbili na kwa matibabu mara tatu zilizidi kwa mbali gharama ya bomba.

Kamera nayo hukosea

Kila kipimo kina mipaka yake, na anayekuuzia kipimo bila kukueleza mipaka hiyo hakutakii mema.

Mahali pa baridi si lazima pawe na maji. Upepo unaoingia kwa ufa chini ya paa hupoza ukuta. Nguzo ya zege ndani ya ukuta wa matofali huonekana tofauti na matofali hata ikiwa kavu. Kitu kinachong'aa, kama mabati, kioo au ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, hurudisha joto la vitu vingine kama kioo kinavyorudisha sura, na kamera huweza kusoma joto la mpimaji mwenyewe.

Kinyume chake pia ni kweli: maji yanaweza kuwapo na kamera isiyaone. Mvua inaponyesha mfululizo, hewa ya ndani ikajaa mvuke na joto la ndani likalingana na la nje, maji hayakauki juu ya ukuta. Bila kukauka hakuna kupoa, na bila kupoa hakuna picha. Kwa sehemu kama Lugulu hili ni muhimu sana. Usipime wakati mvua inanyesha. Ngoja mvua ikatike, fungua milango na madirisha kwa saa kadhaa, ondoa kabati na vitanda ukutani, kisha pima kabla jua halijaupiga ukuta ule moja kwa moja.

Na kila mahali panapotiliwa shaka pathibitishwe kwa kipimo cha pili. Mafundi wana kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachopima jinsi umeme unavyopita ukutani. Hicho nacho hudanganywa na chumvi, kwa kuwa ukuta wenye chumvi hupitisha umeme hata ukiwa umeanza kukauka. Ndiyo sababu vipimo viwili ni bora kuliko kimoja. Hata sisi hatuanzi matibabu ya kifua kikuu kwa sababu ya kikohozi peke yake.

Usiye na kamera ufanye nini?

Kamera hizi zimepungua bei kuliko zamani, na ziko ndogo zinazochomekwa kwenye simu. Hata hivyo si kifaa cha kununuliwa kwa kila nyumba. Uliza wahandisi wa umeme au mafundi wa viwandani, kwa sababu wengi wao huzitumia kutafuta nyaya na mashine zinazopata moto kupita kiasi. Yule atakayekuja akupe picha, na akueleze saa na hali ya hewa alipozipiga.

Kuna pia vipimo visivyogharimu kitu. Cha kwanza ni mgongo wa mkono wako, ule ule unaoutumia kumpima mtoto homa. Upitishe ukutani kutoka sehemu kavu hadi unayoishuku, asubuhi kabla ya jua. Cha pili ni kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, ambacho kilisambaa wakati wa Korona. Baadhi yake huwa na sehemu ya kupima vitu badala ya watu. Pima ukuta mahali kumi na uandike namba zake katika mchoro wa chumba. Hiyo ni kamera ya joto ya maskini, nayo husaidia.

Cha tatu ni kipande cha plastiki angavu, upana wa mkono mmoja kila upande. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, kibandike, uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Maji yakitokea upande wa chumbani, juu ya plastiki, ni umande wa hewa ya ndani. Yakitokea nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, yanatoka ukutani kwenyewe. Kwa kipimo hiki rahisi utajua kama umwite fundi au ufungue dirisha.

Tiba ya ukuta

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba usipoziba njia ya maji, rangi ni kupoteza pesa. Mpangilio wa tiba ni mmoja daima: kwanza zuia maji, pili kausha, tatu ondoa kuvu, na mwisho kabisa paka rangi.

Ikiwa ni maji ya ardhini, punguza udongo ulioegemea ukuta hadi uwe chini ya DPC, na uchimbe mtaro wa kuyaondoa maji. Ikiwa ni mvua, weka gata na uhakikishe maji yake yanakwenda mbali na msingi. Ikiwa ni umande, pika nje au karibu na dirisha lililo wazi, usianike nguo chumbani, sogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukutani, na ufungue madirisha mawili yanayoelekeana kila siku, hata kwa nusu saa.

Jihadhari na plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Wengi hudhani inaukinga. Saruji huzuia mvua, lakini vilevile huyafungia maji yaliyoingia kwa ufa au kutoka chini, na udongo ulio ndani hulainika bila mwenye nyumba kujua. Kwa upande wa pwani, waashi wa zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuacha ukuta upumue. Anayezikarabati nyumba hizo kwa saruji huzinyima pumzi. Ukuta mpya nao huhitaji subira, maana kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene.

Kuvu iliyoenea sehemu ndogo, isiyozidi mita moja ya mraba hivi, yaweza kusuguliwa kwa maji na sabuni. Funika pua na mdomo, vaa glavu, fungua madirisha, na umtoe mtoto nje. Mwenye pumu asiifanye kazi hiyo. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kamwe usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa kuwa gesi inayotokea huunguza mapafu. Wala usiingize jiko la makaa chumbani ili kukausha ukuta halafu ukafunga mlango. Gesi ya makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mpangaji na mwenye nyumba

Najua wasomaji wengi wa mjini ni wapangaji, na hawawezi kuchimba mtaro katika kiwanja cha mtu. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, inalihesabu jengo lililo katika hali ya kudhuru afya kuwa ni kero inayopaswa kuondolewa, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ana uwezo wa kuja kulikagua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kuwa na makao ya kufaa. Kabla ya kufika huko, zungumza na mwenye nyumba kwa heshima ukiwa na ushahidi mkononi: picha zenye tarehe, mchoro wa vipimo vyako, na matokeo ya ile plastiki. Kitu kinachoonekana hupunguza ubishi.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Wakati unashughulikia ukuta, usisahau kifua. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni za kasi mno, na mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea, au midomo ikigeuka rangi, asingoje hata saa moja. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, kwa mtoto au mtu mzima, kipimwe kifua kikuu hata kama ukuta wako umejaa kuvu.

Na utakapomwona daktari, usingoje akuulize. Mweleze mtoto analala chumba gani, kitanda kimeegemea ukuta upi, na kama kikohozi hupungua mnaposafiri kulala kwingine. Jibu la swali hilo la mwisho hutusaidia sana, na halihitaji kamera yoyote.

Kwa leo tukomee hapo. Nawatakia afya njema, na jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, sogeza kitanda cha mtoto uangalie nyuma yake.